Kiti cha Papa Bisimwa Barazani

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Gisèle alitoka na bidoni lake la njano la kuchotea maji na kumngoja rafiki yake Fabiola kando ya njia. Walikuwa majirani katika mtaa wa Muhumba, mjini Bukavu, na wote wawili walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Fabiola hakuja peke yake hata siku moja. Nyuma yake alitembea mdogo wake Déborah, mtoto wa miaka minne, akiwa amekumbatia chupa tupu ya mafuta ya kupikia. Hilo ndilo lililokuwa bidoni lake.

"Mutembee mbio, mabibi," Déborah aliwaambia.

"Nani bibi hapa?" Gisèle aliuliza. "Wewe maji yako hayatoshi hata kunawisha kuku."

"Kuku hanawi," Déborah alijibu. "Kuku anakunywa."

Zamani hawakuhitaji kwenda mbali, kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa karibu. Lakini tangu Pasaka mashine iliyosukuma maji kupanda mlima ilikuwa imeharibika, na bomba lilikauka. Watu wa Muhumba waliteremka ziwani, wakachota maji, wakapanda nayo kichwani. Nyumbani akina mama waliyachemsha kwa makaa. Kila nyumba ilikuwa na sheria moja: mtu asinywe maji ambayo hayajachemshwa.

Bomba hilo lilikuwa mali ya Ofisi ya Maji ya Mitaa, ofisi iliyoendeshwa kwa fedha za serikali, yaani fedha za watu wote. Matumizi yake yalisimamiwa na baraza la wajumbe watano. Mmoja wao alichaguliwa na wakaaji wenyewe ili awasemee watu wanaotumia maji. Bila yeye kukubali, ofisi haikuruhusiwa kununua kitu kikubwa chochote. Kwa miaka mingi mjumbe huyo alikuwa baba yake Gisèle, mwalimu Ezéchiel Bisimwa.

Papa Bisimwa alikuwa amefariki. Ugonjwa wa moyo ulimchukua mwaka uliopita, na walimzika kwao Lwiro.

Mama yake Gisèle, Marcelline, alishona nguo sebuleni ili walipe kodi na kula. Karo ya shule ya masista alikosoma Gisèle ilikuwa nzito kwa mashine moja ya kushonea. Lakini kulikuwa na msaada. Siku ya mazishi papa Delphin, katibu wa baraza, alileta bahasha, kama wote wanaokuja kwenye kilio. Mwezi uliofuata alileta nyingine, na uliofuata vilevile.

"Ni pole, maman," alisema kila mara, akiishika bahasha kwa mikono miwili. "Kilio hakijaisha."

Marcelline hakuuliza. Mtu akileta pole, nani atamwuliza imetoka wapi? Kila jioni, baada ya rozari, yeye na Gisèle walimwombea: "Bwana, umbariki papa Delphin, anayewakumbuka wajane."

Mwaka ulipotimia, Marcelline alitaka kumaliza kilio kama desturi inavyotaka: misa isomwe, jamaa wakutane, naye avue nguo nyeusi. Papa Delphin alimzuia kwa upole.

"Usiharakishe, maman. Papa Bisimwa alikuwa mutu mukubwa. Tupange vizuri, ofisi itasaidia."

Kwa hiyo alibaki katika nguo nyeusi. Hata wakaaji wa mtaa walipouliza ni lini watachagua mjumbe mwingine, Delphin aliwajibu, "Familia iko bado mu kilio. Mutakalisha mutu mwingine mu kiti ya marehemu mbele ya kilio kuisha?" Watu waliona haya. Hakuna aliyetaka kusemwa kwamba amemsumbua mjane. Walisubiri kwa heshima, na bomba likaendelea kuwa kavu.

Alhamisi moja Mireille, mama yake Fabiola na Déborah, alichoka kusubiri. Aliwachukua Fabiola na Gisèle baada ya shule, wakaenda ofisini kuuliza habari za mashine. Mezani walimkuta kijana mgeni, aliyeanza kazi siku chache tu zilizopita. Alikuwa mpole na aliwajibu bila kuficha.

"Pesa ya mashine ilinunua gari ya mukurugenzi, maman. Baraza lilikubali."

"Nani alikubali kwa ajili yetu?" Mireille aliuliza.

"Mujumbe wenu, papa Bisimwa Ezéchiel. Vikao vyote vya mwaka huu alikuwapo, kule hoteli."

Gisèle aliutazama mlango uliokuwa nyuma ya kijana yule. Kwa kitambo kifupi aliamini. Aliona kwamba mlango ungefunguka na baba yake angetoka na mkoba wake kwapani, akikohoa kidogo kama alivyozoea, aseme, "Gisèle, unafanya nini hapa?" Miguu yake ilitaka kukimbia kumpokea. Kisha akakumbuka udongo wa Lwiro, na jinsi alivyoutupa yeye mwenyewe kwa mkono wake juu ya sanduku.

"Huyo ni papa yangu," alisema. "Alikufa."

Kijana alitaka kucheka, halafu aliona nyuso zao. "Mimi niko mupya hapa," alisema polepole. "Munisamehe."

Kesho yake habari ilikuwa imefika shuleni. "Gisèle!" msichana mmoja aliita uwanjani. "Umwambie papa yako atuletee soda ya hoteli!" Mwingine aliongeza, "Kumbe kwenu munafufuka kila mwisho wa mwezi!" Fabiola aliwaendea akiwa amekunja ngumi. "Mufunge midomo," aliwaambia. "Au niwafunge mimi." Gisèle alikuwa akifikiri juu ya bahasha.

Jumamosi papa Delphin alikuja bila kuitwa. Alikaa, akakataa chai, akafuta uso kwa kitambaa.

"Maman Marcelline, nimesikia batoto walifika ofisini. Hakuna shida. Kiti ni cha papa mupaka leo, tunaandika jina lake tu, hatukumuweka mutu mwingine. Posho ya kiti chake tunakuletea nusu. Ni vibaya?"

"Ulisema ni pole," Marcelline alisema.

"Ni pole! Ni pole yenye njia yake."

"Na gari? Bwana yangu aliikataa gari hiyo mbele yangu. Alisema mashine ya maji imezeeka, inunuliwe nyingine kwanza."

Delphin alitazama chini. "Maman, tuseme ya mbele. Wakaguzi wanatoka Kinshasa. Ijumaa watakaa mu sale ya mikutano ya paroki na kuita majina. Wakiuliza, useme papa alisafiri, anatibiwa Kigali. Basi. Bahasha itaendelea, na mutoto atasoma." Aliweka bahasha ya mwezi ule juu ya kitambaa kilichokuwa kikishonwa, akaondoka.

Marcelline alikaa mbele ya mashine yake bila kukanyaga pedali. Gisèle alisimama karibu naye. Alitaka kulia kwa ajili ya baba yake, lakini hofu nyingine ilikuwa kubwa zaidi.

"Maman, tunyamaze tu," alisema. "Papa amekufa, hawezi kuumia tena. Mimi nikifukuzwa shule, nitaenda wapi?"

Mama yake hakumkaripia. "Tuombe," alisema. Walipiga magoti. Marcelline alianza kama kila siku, "Bwana, umbariki papa...", kisha sauti yake ikakatika. Aliinuka, akaiweka bahasha kabatini bila kuifungua.

Jumatatu baada ya shule wasichana waliteremka tena ziwani. Jua lilikuwa kali. Katika kupanda, Déborah aliketi juu ya jiwe, akafungua chupa yake na kunywa.

"Weye! Hayajachemka!" Fabiola alipiga kelele. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika bidoni kichwani, na jinsi Déborah alivyokuwa akinywa kwa haraka, maji yakimwagika kidevuni, ilimfanya acheke. Gisèle pia alicheka.

"Kidogo tu," Déborah alisema. "Koo yangu ilikuwa inalia."

Wote watatu waliendelea kupanda. Hakuna aliyemwambia mama.

Jumatano Fabiola hakufika shuleni. Mchana Gisèle alisikia kwamba Déborah alianza kuhara na kutapika usiku wa Jumanne, na kwamba walimkimbiza kwenye kituo cha wagonjwa wa kipindupindu kulipopambazuka. Wauguzi walimtundikia serumu, dripu ya maji mshipani, wakahangaika naye kwa bidii. Lakini alikuwa mdogo, na maji mengi yalikuwa yametoka mwilini mwake. Aliaga dunia kabla ya saa sita.

Gisèle na mama yake walikwenda kwenye kilio. Wanawake walikuwa wameketi juu ya mikeka, wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Mireille alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Fabiola alikuwa nyuma ya nyumba.

"Hatukumwambia maman kwamba alikunywa," Fabiola alisema.

"Hatukumwambia," Gisèle alisema.

"Chupa yake iko pale mlangoni. Hatujui tuiweke wapi."

Gisèle alimshika mkono, wakakaa hivyo hadi giza lilipoanza kuingia. Hakujua kumfariji. Katika moyo wake alisema, "Yesu, mpokee Déborah, ana kiu," na hilo tu ndilo lililokuja.

Njiani kurudi nyumbani alisimama. "Maman, nilikuambia tunyamaze. Sitaki tena."

"Kwa nini?"

"Wanasema papa alikubali gari. Mama Fabiola akilia, atafikiri papa aliikubali kabla hajafa."

Marcelline alimvuta karibu. "Na shule yako?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," mama yake alisema. "Nilitumaini utaniambia neno lingine, ili niwe na sababu ya kunyamaza. Sasa sina."

Ijumaa sale ya paroki ilijaa watu. Mbele waliketi wakaguzi, na mkubwa wao alikuwa mwanamke mwenye miwani, maman Marie-Louise. Upande mmoja walikuwa wajumbe, na kati yao kiti kimoja kilikuwa kitupu. Marie-Louise aliita majina, na kila aliyeitwa alisimama.

"Bisimwa Ezéchiel."

Papa Delphin aliinuka. "Amesafiri kwa matibabu, maman mukaguzi. Bibi yake iko hapa, anaweza kushuhudia."

Watu wa Muhumba walitazamana. Wengi walijua, lakini kila mmoja alingoja mjane aseme mwenyewe. Marie-Louise alimgeukia Marcelline. "Maman, bwana yako iko wapi?"

Marcelline alisimama katika nguo zake nyeusi. Alifungua kinywa, akakifunga tena. Gisèle, aliyekuwa pembeni yake, alimtazama. Alingoja. Mama yake alifungua kinywa mara ya pili, na sauti haikutoka. Ndipo Gisèle aliposimama.

"Papa yuko Lwiro," alisema. "Tulimzika kule mwaka jana."

Minong'ono ilienea kila upande. Delphin alisema haraka, "Huyo ni mutoto tu!"

"Ni mutoto wake," mtu alijibu kutoka nyuma. "Unataka tumulete nani, marehemu?"

Sasa Marcelline alipata sauti. "Mtoto amesema kweli. Bwana yangu hakukaa mu vikao vile, na hakukubali gari. Alitaka mashine ya maji. Mimi nimekula posho ya kiti chake, nikidhani ni pole. Tangu Jumamosi nilijua siyo pole, na nilinyamaza mpaka leo." Alitembea hadi mbele, akaweka mezani bahasha ya mwisho. Haikuwa imefunguliwa.

Marie-Louise alivua miwani. Aliwatazama wajumbe waliobaki, mmoja baada ya mwingine. "Munakaa pamoja na kiti kitupu mwaka mzima," alisema, "na hakuna hata mumoja aliyesema kwamba ni kitupu?" Kisha aliongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Na sisi Kinshasa tuliona jina, tukatosheka na jina. Hatukuja kuuliza. Kosa hili lina sehemu yetu pia."

Mambo yalikwenda polepole baada ya siku ile, lakini yalikwenda. Mkurugenzi na papa Delphin waliondolewa kazini, na kesi yao ilipelekwa mbele ya sheria. Wajumbe wengine walibadilishwa. Vikao vya hotelini vilikatazwa. Gari liliuzwa, na mafundi waliitwa kutengeneza mashine. Marcelline alitakiwa kurudisha alichopokea, kidogo kidogo, naye hakubishana. Gisèle aliaga masista na kuingia shule ya karibu, yenye madawati machache na wanafunzi wengi. Wiki za kwanza alilia mara kadhaa, lakini hakujificha mtu alipotaja jina la baba yake.

Huko Lwiro familia ilikutana na misa ikasomwa. Marcelline alivua nguo nyeusi, akafunga kitenge cha rangi ya majani. Padri alilitaja jina la Ezéchiel Bisimwa kati ya marehemu, na Gisèle aliitika "Utuhurumie" pamoja na wengine. Lilikuwa jina lile lile lililoitwa katika sale. Lakini hapa lilikuwa mahali pake.

Maji yalirudi Muhumba katika majuma ya Majilio, kabla ya Noeli. Watoto walipiga kelele na kumwagiana. Mireille hakutoka nje.

Jioni ile Marcelline alimchukua Gisèle, wakabisha hodi kwake. Marcelline hakungoja kuketi.

"Mama Fabiola, nimekuja kuomba msamaha. Mutoto wako alipoanza kuugua, mimi nilikuwa nimekwisha kujua ukweli wa pesa ile. Nilikuwa na bahasha ile ndani ya nyumba."

Fabiola, aliyekuwa akichambua maharage, alisimamisha mikono yake.

"Sitakuambia si kitu," Mireille alisema. "Ni kitu. Nimekukasirikia mpaka nikashindwa kusali. Na mimi pia ninajikasirikia. Mwaka mzima nilijua kiti kiko kitupu, nikaona haya kuuliza, ati ni heshima kwa mjane." Alisogeza kiti kwa mguu. "Kaa, mama Gisèle. Bado ninaumia, lakini kaa."

Waliketi. Mwanzo walizungumza machache, baadaye walilia pamoja, na wasichana nao walilia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wakaaji walikutana uwanjani kuchagua mjumbe wao mpya. Walimchagua Mireille. Hakutabasamu alipokubali. Walipokuwa wakirudi nyumbani aliwaita Fabiola na Gisèle, akawaweka mbele yake njiani.

"Munisikilize vizuri," alisema. "Kiti kile si changu. Ni cha kila mutu anayekunywa maji hapa. Pesa ya ofisi ni ya watu, hata kama inalala katika sanduku la mukurugenzi. Tulikosea kufikiri kwamba heshima ni kunyamaza. Kumheshimu papa Bisimwa ilikuwa kusema wazi kwamba amekufa, na kumutafuta mutu wa kuendelea na kazi yake. Munaelewa?"

"Tunaelewa," walisema.

"Basi mimi nikikaa mu kikao, muje muniulize tumesema nini, na pesa imekwenda wapi. Musiogope kwa sababu mimi ni mukubwa na nyinyi ni batoto."

"Hata kama ni mama yangu?" Fabiola aliuliza.

"Zaidi sana kama ni mama yako. Na Mungu anisaidie nikujibu bila kusema uongo."

Gisèle alikuwa na haya, lakini aliuliza. "Mama Fabiola, kikao cha kwanza ni lini?"

Mireille alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulilegea.

"Jumanne," alijibu. "Jumatano mukitoka shule, nitakuwa mulangoni ninawangoja."